Vikapu vya Petunia Barazani kwa Mayu

Wenzangu mliokulia Bariadi wakati bado tunahesabiwa kuwa watu wa Shinyanga, Simiyu haijawa mkoa, mnakumbuka tulivyokuwa tukielekezana. Nyumba hazikuwa na namba wala mitaa kuwa na vibao. Uliambiwa nenda kwa yule mwenye plau imeegemezwa ukutani, ukifika hapo uliza kwa mwenye mbwa mweupe, na kweli ulifika. Kwetu Somanda paliitwa "kwenye maua". Mgeni akishuka kwenye basi na kumtaja baba yangu, watoto wa njiani walinyoosha kidole: pale, penye maua yanayoning'inia.

Utoto wa wakati ule ulikuwa na kazi nyingi, ingawa sisi hatukujua kama ni kazi. Alfajiri mchakamchaka, ndoo ya maji kichwani na ufagio kwapani. Ole wako ukikutwa unaongea Kisukuma uwanja wa shule, maana ulivishwa kibao shingoni ukazunguka nacho mpaka umnase mwenzako aliyeteleza ulimi. Mchana tulirudi mbio kwa sababu mchanga ulichoma nyayo, tukakuta michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga, au ugali wa mtama kwa mlenda, na maziwa ya mgando yaliyotikiswa kwenye kibuyu mpaka mkono ukafa ganzi. Jioni ilikuwa michezo, rede na kombolela, hadi uitwe kwa jina lako la ubatizo, na hapo ujue umechelewa. Wakati wa mavuno chumba kizima kilijazwa pamba mpaka usawa wa dirisha, nasi tukalala juu yake, tukaamka tunawashwa mwili mzima na nywele zimejaa manyoya meupe kama vikongwe. Wajukuu zangu umeme ukikatika kidogo tu wanasema maisha yamekuwa magumu.

Mama yetu tulimwita Mayu, kama Wasukuma wengi wanavyomwita mama. Alikuwa mwanamke mrefu, mchapakazi, sauti yake ikisikika kutoka upande wa pili wa shamba la pamba. Mambo ya maua hakuzaliwa nayo. Alijifunza kwa jirani yetu, Mama Nakunda, ambaye mumewe alikuwa mtumishi wa serikali aliyehamishiwa Bariadi kutoka Upareni. Mama Nakunda alikuja na sufuria zake, magodoro yake, na mbegu zilizofungwa kwenye pindo la khanga. Siku ya kwanza Mayu alipoenda kumsabahi mgeni, alikuta kwenye dirisha lake kopo lenye maua ya zambarau, laini, yenye mdomo mpana kama tarumbeta.

"Yanaliwa haya?" Mayu aliuliza.

"Hayaliwi."

"Ni dawa?"

"Wala si dawa. Yanaitwa petunia."

"Sasa ni ya nini?"

Mama Nakunda alicheka. "Ni ya kukufanya usimame mlangoni kidogo kabla hujaingia ndani kuendelea na kazi."

Jibu hilo Mayu alilileta nyumbani na kulirudia kwa wiki nzima, mara akilicheka, mara akilitafakari. Kisha akaomba mbegu.

Mbegu za petunia ni vumbi. Ukipiga chafya umepoteza bustani. Mama Nakunda alimwambia asizifukie, azinyunyize tu juu ya udongo uliochekechwa, aloweshe kwa kuchovya mkono na kurushia matone, kisha afunike kwa kipande cha nailoni. Miche ilipokuwa mikubwa kiasi cha kushikika, Mayu aliipanda mbele ya nyumba. Mbuzi waliikuta siku iyo hiyo. Aliomba tena mbegu, akapanda tena, na safari hii kuku walikuja kuoga vumbi pale pale. Ndipo Mama Nakunda aliposema, "Dada, kwenu huku maua inabidi yakae hewani."

Wakatengeneza vikapu. Waya waliupata kwenye tairi bovu lililochomwa, ule ule ambao wavulana walitengenezea magari. Walisuka umbo la bakuli kubwa, ndani wakatandika kipande cha gunia kuukuu la pamba ili udongo usidondoke lakini maji yapite. Udongo wetu mweusi wa mbugani hawakuutaka peke yake, kwa sababu ukilowa unaganda kama chapati na ukikauka unapasuka. Waliuchanganya na mchanga wa mtoni na samadi ya zamani, ile iliyokwisha kuwa nyeusi na haina harufu. Baba aliombwa kupigilia misumari kwenye boriti za baraza. Aliipigilia huku akiguna.

"Nimeoa mwanamke mwenye akili timamu," alisema, "sasa ananiambia nitundike udongo darini."

Miche ilipofikia kimo cha kidole, ule wa kwanza ulitoa ua moja jeupe. Mimi na dada yangu Kabula tulipiga vigelegele. Mama Nakunda akaja, akalitazama, akalikata pamoja na ncha ya shina. Kabula, aliyenizidi umri na kwa kawaida hakuwa mtu wa kulia, aliangua kilio.

"Nyamaza mwanangu," Mama Nakunda akamwambia. "Ukimwacha atoe ua sasa, atarefuka kama fimbo. Ukimkata ncha, atatoa matawi mawili, na hayo ukiyakata yatatoa manne. Unataka ua moja leo, au unataka kikapu kisionekane udongo?"

Kabula alitaka vyote viwili. Hata mimi. Lakini mvua za mwaka ule zilipotulia, vikapu vya Mayu vilikuwa vimejaa kweli. Maua yalimwagika pembeni mpaka waya haukuonekana, zambarau, meupe, na mengine ya rangi ya waridi yenye mistari. Majani yake yalinata vidoleni, na jioni yale ya zambarau yalitoa harufu tamu. Watu waliokwenda kuona wagonjwa hospitalini walipita njia yetu kwa makusudi. Kazi yetu sisi wasichana ilikuwa kuchuma yaliyonyauka kila asubuhi kabla ya shule, na tulionywa kuondoa pamoja na kile kitumba cha mbegu chini yake, maana mmea ukishatunga mbegu unaona umemaliza kazi.

Mwaka uliofuata, kiangazi kikiwa kimeanza kukaza, Mayu aliugua tumbo. Alianza kwa kujikunja shambani, akasema ni uchovu. Baadaye hakuweza kunyanyua ndoo. Hospitali ya karibu walimtazama, wakasema lazima apelekwe Mwanza akafanyiwe upasuaji. Baba alimsindikiza, akamkabidhi kwa mjomba wetu aliyekuwa akiishi huko, kisha akarudi kwa ajili yetu na ng'ombe. Asubuhi ile ya kuondoka Mayu alikuwa ameketi kwenye baiskeli nyuma ya Baba, tayari kwenda kituo cha basi, amejifunga khanga mbili tumboni. Hakutuambia tusali wala tusome kwa bidii. Aliangalia juu barazani, akasema, "Vikapu vyangu msivisahau." Ndivyo alivyotuaga.

Wakubwa walizungumza kwa kunong'ona, na mtoto akiona wakubwa wananong'ona hujua zaidi ya anachoambiwa. Mimi na Kabula hatukuwahi kukubaliana kwa maneno, lakini sote wawili tuliamini kwamba vikapu vikifa, Mayu harudi. Huo ulikuwa ndio ukweli wetu, na hakuna mtu mzima aliyejua kwamba tunao.

Shida ilikuwa maji. Kiangazi kile maji yalichotwa kwenye visima vilivyochimbwa katika mchanga wa mto, ukichota unasubiri yajikusanye tena. Kikapu kinachoning'inia hukauka upesi kuliko bustani ya chini, upepo unakipiga pande zote. Baba alitukuta tunamwagia, akasema, "Maji haya ni ya kunywa na ya ng'ombe. Maua yatasubiri mvua." Tukaanza kuosha nyuso juu ya beseni na kuyahifadhi yale maji, pamoja na ya kusuuzia mboga. Tuliyapandisha kwa kopo, tukisimama juu ya kinu kilichopinduliwa. Yalitosha kuyafanya maua yasife, hayakutosha kuyanywesha.

Nadhani Baba alituona. Siku chache baadaye alirudi kutoka mtoni na dumu moja la ziada kwenye baiskeli, akaliweka barazani chini ya vikapu.

"Hili ni la mama yenu," alisema, akaenda zake zizini.

Kuanzia hapo dumu la mama yetu lilikuja kila siku. Na Baba, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kujali mmea usiotoa pamba wala mahindi, akaanza kuyakagua maua kama anavyokagua ndama. Aliyashika, akayapindua, akaangalia chini ya majani. Rafiki zake walipokuja kuzungumza habari za malisho walimkuta amesimama juu ya kinu, kopo mkononi, na mmoja wao akacheka mpaka akakaa chini. Baba hakujali. Tatizo lilikuwa kwamba aliyatunza kwa ujuzi wa zizini. Aliona kikapu kimoja kimepauka, akakijaza samadi mbichi, ya moto, ya asubuhi ile. Kesho yake majani yalikuwa yameungua kingo, na kabla ya Jumapili kikapu kile kilikuwa kimekufa.

Baba alikishusha mwenyewe. Alikipeleka nyuma ya nyumba ili sisi tusikione, lakini tulikiona. Chakula cha jioni hakukila.

Vilivyobaki navyo vilianza kuharibika kwa namna nyingine. Mashina yalirefuka yakawa kama kamba, katikati pakawa na upara, maua madogo yakabaki nchani tu. Mama Nakunda hakuwapo, alikuwa amekwenda likizo kwao Upareni. Mjomba naye alituma habari kwa dereva wa basi: upasuaji umefanyika, ila mgonjwa hali chakula.

Mama Nakunda aliporudi hata hakupumzika. Alivuka njia, akaingia barazani kwetu kama kwake, akatazama juu, akasema, "Masikini." Akaenda kuchukua mkasi wa kushonea. Kisha akakata. Alikata kila shina, karibu na udongo, pamoja na maua yote yaliyokuwa yamebaki, mpaka vikapu vikabaki na vijiti vifupi vyenye jani moja moja. Kabula alimshika mkono.

"Mama Nakunda, usikate! Mayu atakuja akute nini?"

Wakati huo huo Baba alikuwa anarudi na ng'ombe. Alifika, akaona maua chini na vijiti juu. Sijawahi kumwona Baba akimpandishia sauti mwanamke wa watu, ila siku ile.

"Mama Nakunda! Mke wangu yuko kitandani Mwanza, hali chakula, wewe unamkatia maua yake?"

"Baba Kabula, nisikilize."

"Nisikilize nini? Haya yalikuwa hai!"

"Yalikuwa hai, lakini nguvu yote ilikuwa inakwenda nchani. Shina limechoka. Ukiyaacha hivi, mwezi ujao yamekwisha yote. Nimeyakata ili yaanze upya kutoka chini. Mizizi bado mizima, nimeitazama."

Baba alikaa kwenye kinu. Majirani wawili walikuwa wamesimama njiani, na mmoja alinong'ona kwamba kukata maua ya mgonjwa si jambo zuri. Baba alisikia. Aliweka fimbo magotini, akauliza kwa sauti ndogo sana, sauti ambayo sikujua kama anayo, "Yakikataa?"

"Yakikataa, nitamjibu mimi mwenyewe," Mama Nakunda akasema. "Sasa nipe maji."

Wote tulijua pale hakuna aliyekuwa anauliza habari za maua peke yake.

Akatufundisha kutengeneza maji ya samadi: unaloweka ile ya zamani kwenye ndoo, unaiacha siku kadhaa, unachuja, unazimua mpaka iwe na rangi ya chai nyepesi. Mara moja kwa wiki, basi. Siku nyingine maji matupu, mpaka yadondoke chini ya gunia, ndipo uamini mizizi imekunywa. Tulifanya hivyo. Vijiti vilibaki vijiti. Kila asubuhi Baba alitoka chumbani, na kabla ya kwenda zizini alisimama chini ya vikapu akiwa bado hajanawa uso.

Asubuhi moja alituita, "Njooni muone." Hakupaza sauti. Tulipanda juu ya kinu mmoja baada ya mwingine. Kwenye kila kifundo cha shina, pale palipokuwa pakavu, palikuwa na chipukizi la kijani, dogo kama punje ya ulezi. Kabula aliyagusa moja moja kwa ncha ya kidole. Baba alituambia tushuke, tutaviangusha, kisha akapanda yeye akaangalia tena.

Mjomba alituma habari nyingine: anakunywa uji. Kisha nyingine: amesimama. Halafu, bila taarifa yoyote, maana simu zilikuwa za ofisini tu, Mayu alishuka kwenye basi jioni moja akiwa na mjomba, tukaitwa kwa kelele kutoka barabarani. Tulikimbia, tukasimama ghafla. Hakuwa yule tuliyemjua. Alikuwa amekonda, nywele zimenyolewa, gauni linapwaya, anatembea kama anayeshika ukuta usiokuwepo. Ila alipotuita sauti ilikuwa ile ile, imepungua tu.

Alipofika barazani aliangalia juu. Vikapu vilikuwa vimefunikwa majani mabichi, mafupi, yaliyobanana, lakini hapakuwa na ua hata moja. Kabula, aliyekuwa amejikaza miezi yote ile, akavunjika.

"Mayu, hayajachanua. Tumejitahidi, hayajachanua."

Mayu aliomba ashushiwe kimoja. Baba akakishusha. Aliingiza vidole katikati ya majani, akapapasa chini mashina yalipokatwa, akavuta vidole vyake vikinata, akavinusa.

"Nani amekata?"

"Mama Nakunda," nikasema, nikiogopa.

"Amekata chini kabisa."

"Ndiyo, Mayu."

"Amekata vizuri." Akatabasamu, na hapo ndipo nilipomtambua mama yangu. "Na maji mlipata wapi kiangazi chote hiki?"

Tulimtazama Baba. Baba alitazama ng'ombe. Akasema ndama mmoja anaonekana kuchechemea, ngoja akamwangalie, akaondoka haraka. Hakuna ndama aliyekuwa anachechemea. Mayu alicheka huku ameshika tumbo kwa sababu mshono bado ulimuuma, akisema, "Msinichekeshe, msinichekeshe," na machozi yanamtoka.

Wiki zilizofuata zilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuishi utotoni. Mvua za vuli zilianza. Mayu aliketi barazani akila uji wa ulezi, baadaye ugali kidogo kwa maziwa, nywele zikiota fupi fupi na laini. Juu ya kichwa chake petunia zilifunguka, kwanza jeupe moja, halafu hatukuweza tena kuzifuata kwa macho. Mama Nakunda alikuja kila alasiri na kazi yake ya kushona, wakaongea, huyu Kiswahili cha Kipare, huyu cha Kisukuma, wakisahihishana matamshi. Yule jirani aliyenong'ona njiani siku ile alikuja naye, akaomba miche. Mayu alimpa.

Baadaye mume wa Mama Nakunda alihamishwa tena, nao wakaondoka. Lakini kabla sijamaliza darasa la saba, ukitembea Somanda ungeona vikapu vya waya kwenye baraza nyingi, na maua mengine kwenye mikebe ya mafuta, mengine kwenye vyungu vilivyotoboka. Kabula aliolewa Mwanhuzi, nchi kavu kuliko yetu, akavipeleka hata huko. Watu walimwambia maua hayataweza. Yameweza.

Mayu yupo. Tunaishi naye hapa hapa Somanda, amezeeka, macho yamepungua nuru, lakini vidole vinajua. Baba tulimzika miaka kadhaa iliyopita, akiwa mzee aliyeshiba siku zake, na mpaka mwisho alikanusha kwamba aliwahi kumwagilia maua.

Siku hizi mambo ni mepesi. Maji yanatoka bombani. Vikapu vya plastiki vinauzwa dukani na kamba zake, mbolea ya chenga chenga ipo kwenye pakiti, miche unaagiza kwa simu na bodaboda anakuletea. Wajukuu zangu wanajua majina ya aina za petunia kwa Kiingereza, wanajua rangi ambazo sisi hatukuwahi kuziota, na wanapiga nazo picha wakiwa wamevuta midomo. Ukiwaambia wazimwagilie wanasema bibi, jana si ilinyesha? Haikunyesha. Ila siwalaumu sana. Sisi nasi hatukuzaliwa tunajua, kuna mtu alitufundisha. Ninachokikosa si waya wa tairi wala kuchota maji mtoni, maana mgongo wangu bado unayakumbuka. Ninachokikosa ni ile hali ya watu kuingiliana majumbani bila kutafuta sababu. Leo tumejenga kuta ndefu, kila mtu na geti lake, na mnaweza kukaa jirani mwaka mzima mkijuana kwa mlio wa gari tu.

Mwezi uliopita simu yangu iliita, namba ngeni. Ni binti mmoja mwalimu, amehamishiwa huku kutoka Songea, amepanga nyumba iliyo nyuma ya ukuta wangu.

"Shikamoo mama. Samahani, nimeomba namba yako dukani. Nayaona maua yako kwa juu. Yangu yamekuwa marefu, katikati hayana kitu. Naomba uniambie nifanyeje."

"Marahaba mwanangu. Uko wapi sasa hivi?"

"Niko hapa nyuma, nyumbani."

Nilicheka peke yangu. "Basi kata simu, uje."

Alikuja na ndala, amebeba kikapu chake mikononi kama mtoto mgonjwa anayepelekwa kliniki. Alidhani atakaa dakika chache. Mayu alimuuliza ukoo wake, chakula cha kwao, kama mama yake yu hai, na giza likatukuta bado tupo barazani. Kesho yake alirudi, na kesho kutwa. Sasa akija hapigi tena simu. Ukuta ungali pale pale, lakini kwenye nyasi za pembeni, kutoka mlangoni kwake mpaka mlangoni kwangu, kijinjia kimeanza kuonekana.